Mtazamaji na Baiskeli Iliyoibiwa

Mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii ni kongwe kuliko sinema, walakini yafaa kuwa mlango wa kuingilia katika habari za sinema, kwa kuwa watu wanaokwenda kutazama picha ni namna mbili. Namna ya kwanza ni wajuzi. Hawa hujua jina la mwongozaji, mwaka wa picha, na mahali pake katika ukoo wa sanaa. Namna ya pili ni watu wa njiani. Mtu wa namna hii hutoka kazini jioni, huona mlango wa sinema u wazi, hulipa thamani ya tiketi, kisha huketi gizani. Hakuja kufundishwa wala kuhukumu, alikuja kupumzika. Historia za sinema zimeandikwa na watu wa namna ya kwanza, nao aghalabu wamemsahau mtu wa namna ya pili, ijapokuwa yeye ndiye aliyejaza viti.

Habari za mtu huyo zaonekana vizuri zaidi zikipimwa kwa picha chache zilizotengenezwa Italia baina ya mwaka 1945 na mwaka 1952. Picha hizo zilipewa jina la uhalisia mpya. Zilimwonyesha mtazamaji njaa, aibu, mauti na ukosefu wa kazi bila pambo. Wajuzi wamezisifu kwa miaka zaidi ya 70. Mtu wa njiani alizifanyia nini? Jibu lake si jepesi. Alizililia, alizikimbia, kisha akazirudia. Na katika kila tendo la haya matatu alikuwa na haki yake.

Kabla ya vita, sinema ya Italia ilikuwa bustani iliyozungushiwa ukuta. Mwaka 1937 serikali ya Mussolini ilifungua karibu na Roma majumba makubwa ya kutengenezea picha, yakaitwa Cinecittà, maana yake Mji wa Sinema. Nyingi katika picha za miaka hiyo zilikuwa hadithi za mapenzi katika nyumba za matajiri, ambamo simu nyeupe juu ya meza ilikuwa alama ya utukufu. Ndiyo sababu watu walizibandika jina la picha za simu nyeupe. Ndani ya picha hizo hapakuwa na mtu aliyekosa mkate. Mwenye njaa aliyeziangalia alipata saa moja na nusu za kusahau, kisha akatoka akakuta njaa yake ikimngoja mlangoni. Haifai kumcheka kwa hayo. Usingizi nao si chakula, lakini hapana mtu awezaye kuishi bila ya usingizi.

Vita vilibomoa ukuta wa bustani ile. Majeshi ya Kijerumani yaliushika mji wa Roma toka Septemba 1943 mpaka tarehe 4 Juni 1944. Katika miezi hiyo watu walikamatwa majumbani, wakateswa na kuuawa. Tarehe 24 Machi 1944 watu 335 waliuawa kwa siku moja katika mapango ya Ardeatine, pembeni mwa mji. Wajerumani walipoondoka, majumba ya Cinecittà yaligeuzwa kambi ya wakimbizi. Hapakuwa na jumba la kutengenezea picha za fahari, na hata kama lingalikuwapo, ulimi wa kusemea habari za simu nyeupe ulikuwa umekauka.

Katika hali hiyo Roberto Rossellini alianza, mwezi wa Januari 1945, kupiga picha iliyoitwa Roma città aperta, yaani Roma, mji ulio wazi. Umeme ulikuwa wa shida na fedha zilikuwa haba. Kaskazini ya nchi ilikuwa bado mikononi mwa adui. Hadithi yake ilikuwa ya mwanamke wa mtaani aitwaye Pina, na padri aliyewaficha wapinzani wa utawala ule. Pina alichezwa na Anna Magnani. Asubuhi ya siku ambayo angeolewa, mchumba wake anakamatwa na kutupwa katika gari la askari. Pina anawaponyoka walinzi, analikimbilia gari akiliita jina la mchumba wake, na risasi inamwangusha barabarani. Mtoto wake anamwangukia kifuani. Jambo lote halichukui muda mrefu. Hakuna hotuba kabla yake, wala hakuna hotuba baada yake.

Mtazamaji wa Roma hakuhitaji kuelezwa maana ya kifo kile. Tarehe 3 Machi 1944, katika barabara ya Giulio Cesare, mwanamke aitwaye Teresa Gullace aliuawa kwa risasi alipojaribu kumkaribia mume wake aliyekuwa amekamatwa. Habari zake zilijulikana mjini kote. Padri wa katika picha naye alikuwa na asili yake katika watu wa kweli: don Giuseppe Morosini, aliyepigwa risasi mwezi wa Aprili 1944, na don Pietro Pappagallo, aliyeuawa Ardeatine. Picha ilipoonyeshwa mwaka 1945, waliokuwa wameketi gizani walikuwa ndio mashahidi wa mambo yaliyokuwa yakionyeshwa. Baadhi ya wajuzi waliipokea kwa baridi, lakini watu wa njiani waliijaza nyumba ya sinema. Katika msimu wa 1945 na 1946 hapana picha ya Kiitaliano iliyokusanya fedha nyingi kuliko hiyo nchini mwake. Mwaka 1946 ilikuwa mojawapo ya picha zilizopewa tuzo kuu katika tamasha la Cannes, Ufaransa.

Sababu ya mapenzi hayo yapasa kuangaliwa, kwa maana baadaye mambo yaligeuka. Huzuni ya picha ile ilikuwa ni huzuni iliyokwisha kupita, tena ilikuwa na heshima ndani yake. Adui alikuwa mgeni. Marehemu alikuwa shujaa. Mtazamaji alilia, lakini alilia kama waliavyo watu matangani, ambapo kila chozi lina jirani wa kulifuta, na aibu haina kiti. Ni vyepesi kuutazama msiba uliomfanya mtu kuwa mkubwa. Ni vigumu kuutazama msiba unaomfanya kuwa mdogo.

Msiba wa namna hiyo ya pili ndio uliochukuliwa na Vittorio De Sica. Alizaliwa mwaka 1901, na kabla ya vita alikuwa mchezaji mwenye sura nzuri katika picha za kuchekesha na za mapenzi. Kwa hiyo aliijua bustani ile kwa ndani. Rafiki yake wa kazi alikuwa mwandishi Cesare Zavattini, aliyeamini kwamba maisha ya mtu wa kawaida, yakitazamwa kwa subira, yana hadithi ya kutosha. Mwaka 1948 walitoa picha iitwayo Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli, iliyotokana na kitabu cha Luigi Bartolini.

Hadithi yake yaweza kusimuliwa kwa pumzi moja. Antonio Ricci, mtu asiye na kazi, apata kazi ya kubandika matangazo ukutani, kwa sharti kwamba awe na baiskeli. Baiskeli yake i katika rehani. Mkewe Maria anayavua mashuka ya kitanda, anayapeleka rehani, na baiskeli inakombolewa. Siku ya kwanza kazini, Antonio akiwa juu ya ngazi anabandika picha ya mwanamke mzuri wa sinema za Marekani, Rita Hayworth, mwizi anaichukua baiskeli na kutokomea. Yaliyobaki ni kutafuta. Antonio na mwanawe mdogo Bruno wanazunguka Roma, soko kwa soko, wala hawaipati. Mwishowe baba anajaribu kuiba baiskeli ya mtu mwingine, anakamatwa mbele ya macho ya mtoto wake, anapigwa na kutukanwa. Mwenye baiskeli anamtazama mtoto, kisha anasema aachiliwe. Baba na mwana wanakwenda zao katika msongamano wa watu. Baba analia. Mtoto anamshika mkono.

Fundi wa hadithi angaliweza kumpatia Antonio baiskeli yake, na mtazamaji angalirudi nyumbani na moyo mwepesi. De Sica hakufanya hivyo. Ametia, hata hivyo, jambo moja ambalo mtazamaji asiye mjuzi hulishika pasipo kufundishwa, nalo ni mkono wa mtoto. Kwa baiskeli iliyopotea, picha ni ya uchungu. Kwa mkono ulioshikwa, uchungu huo unavumilika. Mtu wa njiani huenda asijue jina la De Sica, lakini akiulizwa miaka 20 baadaye anakumbuka nini, atautaja mkono.

Wachezaji walitafutwa kwa namna iliyolingana na hadithi. Inajulikana kwamba mtengenezaji mmoja tajiri wa Marekani, David O. Selznick, alikuwa tayari kutoa fedha ikiwa Antonio angechezwa na Cary Grant. De Sica alikataa. Alimchagua Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwanda cha vyuma ambaye hakuwa mchezaji, kwa ajili ya mwendo wake na mikono yake. Bruno alipatikana kwa namna ya ajabu zaidi: Enzo Staiola alikuwa mtoto wa mtaa aliyesimama katika kundi la watu waliokuwa wakitazama kazi ya kupiga picha, De Sica akageuka akamwona. Basi mtazamaji wa njiani ndiye aliyetiwa ndani ya picha, na uso wake ukawa uso wa picha.

Hapo ndipo swali gumu linapoanza. Ikiwa picha hizi zilikuwa ni za watu wa kawaida, zenye nyuso za watu wa kawaida, kwa nini baada ya muda watu wa kawaida wa Italia waliacha kwenda kuzitazama? Mwaka huo huo wa 1948 Luchino Visconti alitoa La terra trema, picha ya wavuvi wa kijiji cha Aci Trezza, Sicilia, iliyochezwa na wavuvi wenyewe katika lugha ya kwao. Haikupata watazamaji wa kutosha. Mwaka 1952 De Sica na Zavattini walitoa Umberto D., nayo ikashindwa kabisa katika biashara. Haikuwa kwamba watu wameacha sinema. Mwaka 1955 tiketi zilizouzwa Italia zilikuwa kiasi cha milioni 819. Watu walikuwa wengi kama mchanga, lakini walikwenda kuangalia vichekesho, hadithi za mapenzi na picha za Marekani.

Umberto D. yafaa kuelezwa kidogo, maana ndiyo picha iliyofika mbali kuliko zote katika njia hii. Mtu wake ni mzee aliyestaafu, ambaye malipo yake ya uzeeni hayatoshi kodi ya chumba. Alichezwa na Carlo Battisti, ambaye katika maisha yake alikuwa profesa wa elimu ya lugha katika chuo kikuu cha Florence. Mzee huyo hana ndugu, ana mbwa. Siku moja anasimama barabarani kujaribu kuomba. Anaunyosha mkono, na mpita njia anapokaribia kumpa, anaugeuza ghafula, kiganja chini, kana kwamba alikuwa akipima kama mvua inanyesha. Katika tendo hilo moja kuna habari nzima ya mtu aliyekuwa na heshima yake, na bado anaitaka. Mahali pengine mtumishi wa nyumba, msichana mwenye mimba aliyekosa mtu wa kumtegemea, anaamka alfajiri, anawasha moto, anasaga kahawa, anaunyosha mguu kuusukuma mlango. Na machozi yakimtoka, kazi haisimami. Hapana tukio kubwa. Ni asubuhi tu, kama asubuhi za majumba maelfu.

Serikali haikupendezwa. Giulio Andreotti, aliyekuwa na madaraka juu ya mambo ya sinema, alimwandikia De Sica barua ya wazi mwaka 1952. Alimlaumu kwamba akiufanya ulimwengu uamini kuwa Italia ndiyo ile ya Umberto D., atakuwa ameitumikia nchi yake vibaya, akamsihi atie matumaini katika kazi zake. Tayari sheria ya mwaka 1949, iliyoitwa kwa jina la Andreotti, ilikuwa imeweka msaada wa fedha kwa picha za nyumbani, na pamoja na msaada huo uwezo wa kuzikagua hadithi kabla hazijapigwa picha. Mkono uliolisha ndio uliokuwa na ufunguo.

Walakini kuilaumu serikali peke yake ni kumwonea mtazamaji kwa namna nyingine, kama kwamba yeye hakuwa na hiari. Mtu aliyekatazwa chumba asubuhi kwa kukosa kodi hakuwa na haja ya kulipa jioni ili amtazame mzee akikatazwa chumba. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na aliyelala juu yake hana haja ya kuonyeshwa kunguni. Wajuzi waliokaa katika vitanda visivyo na kunguni walimshutumu kwa kupenda upuuzi. Shutuma hiyo haina haki. Kuukimbia ukweli si lazima kuwe dalili ya kutoujua. Mara nyingine ni dalili ya kuujua kupita kiasi.

Basi picha hizo ziliokolewa na wageni. Marekani, wenye tuzo za Oscar waliipa Wezi wa Baiskeli tuzo ya heshima mwaka 1950. Mwaka 1952 wajuzi waliokusanywa na jarida la Kiingereza liitwalo Sight and Sound waliihesabu kuwa picha bora kuliko zote zilizopata kutengenezwa. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Picha iliyosifiwa ng'ambo ilianza kutazamwa upya nyumbani kwa macho mengine.

Faida kubwa zaidi haikuwa ya sifa, bali ya mfano. Mwaka 1950 kijana mmoja wa Calcutta, Satyajit Ray, aliyekuwa mchoraji wa matangazo ya biashara, alipelekwa London kikazi, akaiona Wezi wa Baiskeli. Alirudi akiwa amekata shauri kutengeneza picha kwa watu wasio wachezaji na mahali pa kweli; mwaka 1955 ikatoka Pather Panchali. Bimal Roy naye alitoa Do Bigha Zamin mwaka 1953, hadithi ya mkulima aendaye Calcutta pamoja na mwanawe mdogo kuvuta riksho ili alikomboe shamba lake, wala asilikomboe. Baba na mwana wa Roma walikuwa wamevuka bahari.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa katika njia ya upepo huo. Katika miaka ya 1950 nyumba za sinema za Unguja, Mombasa na Dar es Salaam zilionyesha picha nyingi za Kihindi, pamoja na za Misri na za Marekani, na watu wa kila kabila walizilipia. Wengi hawakuijua lugha ya picha, lakini walijua ni nani amedhulumiwa. Jambo hili lapasa kuwekwa mkabala na fikira iliyotawala maofisini siku zile. Baina ya mwaka 1935 na 1937, Vugiri, katika milima ya Usambara, palifanywa majaribio ya kutengeneza picha za mafunzo kwa Waafrika, juu ya afya, kilimo, kodi na akiba. Baadaye, ofisi ya sinema ya serikali ya Uingereza kwa makoloni, iliyoanzishwa mwaka 1939, ilifuata mafundisho ya William Sellers kwamba mtazamaji wa Kiafrika yampasa kupewa picha za polepole, nyepesi, zisizo na mageuzi ya ghafula, la sivyo hataelewa. Mtazamaji aliyefikiriwa hawezi kumfuata nzi ukutani alikuwa, mjini, akimfuata mtu kwa saa tatu katika lugha asiyoijua, akitoka na macho mekundu.

Jibu la Kiafrika kwa fikira ile lilitoka Senegali. Mwaka 1963 Ousmane Sembène alitoa Borom Sarret, picha fupi ya mchukuzi wa Dakar mwenye gari la farasi. Siku nzima anawachukua watu maskini kuliko yeye, na wengine hawamlipi. Anapoingia mtaa wa wakubwa, asikoruhusiwa, polisi analizuia gari lake. Anarudi nyumbani mikono mitupu. Mke wake anamkabidhi mtoto, anatoka, akiahidi kwamba usiku ule watakula. Picha inakoma hapo. Mtazamaji haambiwi mke anakwenda wapi. Ndiyo heshima ya juu aliyopewa: kuachiwa alijue mwenyewe jambo lisilosemwa.

Yabaki deni moja ambalo historia ya picha hizi haiwezi kulificha. Kazi ya Wezi wa Baiskeli ilipokwisha, Lamberto Maggiorani alirudi kiwandani. Baada ya muda akapunguzwa kazi pamoja na wengine. Ilidhaniwa kwamba mtu ambaye uso wake umeonyeshwa ulimwenguni kote ni tajiri. Hakuwa tajiri. Alitafuta vibarua, akatafuta nafasi katika picha, akapata ndogo ndogo. Mwaka 1962 alionekana katika Mamma Roma ya Pier Paolo Pasolini, akiwa mgonjwa hospitalini anayeibiwa redio yake. Mtu aliyeibiwa baiskeli mbele ya ulimwengu alirudishwa mbele ya ulimwengu aibiwe tena. Alifariki mwaka 1983. Katika miaka ambayo watu wa miji mikubwa walikuwa wakimlilia Antonio Ricci asiye na kazi, Lamberto Maggiorani alikuwa akitafuta kazi.

Habari hiyo haiibatilishi picha, wala haiyafanyi machozi ya mtazamaji kuwa ya uongo. Yaonyesha mpaka wake tu. Picha ya ukweli yaweza kumfanya mtu amtambue jirani yake; haiwezi kumwajiri. Mwenye baiskeli wa mwisho katika hadithi ile hakuwa mjuzi wa chochote. Alikuwa mtu wa njiani aliyeibiwa, mwenye hasira na haki ya kushtaki. Alimtazama mtoto, akaona, akasamehe. Amekaa katika picha kwa dakika chache, na jina lake halitajwi. Walakini yeye ndiye kielelezo cha mtazamaji ambaye picha hizi zilimtafuta: mtu aonaye, kisha kuona kwake kukageuka kuwa tendo. Chozi lililoishia gizani ni nusu ya malipo ya tiketi. Nusu ya pili hulipwa nje, barabarani, mchana.